Miraa: jani linalokimbizana na saa

Je, wajua kwamba miraa huanza kupoteza nguvu pale tu tawi linapokatwa? Jani changa la mmea huu, unaoitwa mirungi Tanzania na mairungi Uganda, lina kathinoni, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi, na baada ya siku mbili tatu mlaji hapati tena stimu anayoitafuta. Ndiyo maana vifungu huviringishwa kwa majani ya mgomba kule Maua, Meru, ili visikauke. Ndiyo maana pikapu zinazovibeba kwenda Nairobi huendeshwa kana kwamba zinafukuzwa. Ndiyo maana mzigo wa Mogadishu husafirishwa kwa ndege. Biashara nzima imefungwa kwenye ratiba ya kemikali. Lakini kuna kasi nyingine, ile ya kemikali kutoka kinywani hadi kichwani, na hiyo naiona ndiyo ufunguo wa kuelewa vilevi karibu vyote.

Kathinoni ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Kinachozitofautisha ni atomi moja ya oksijeni iliyokaa mahali pa hidrojeni mbili, basi. Peter Kalix, mtaalamu wa elimu ya dawa aliyefanya kazi Geneva, alionyesha kwamba zote mbili hutenda kwa njia ileile: huzisukuma seli za neva zimwage dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili lina faida, lirudie. Usingizi hukimbia, njaa hukatika, moyo hudunda, shinikizo la damu hupanda, maneno hayakauki mdomoni. Kwa mizani ya kemia peke yake, mzee anayetafuna vijiti vyake barazani na kijana anayevuta methamfetamini kwenye kibomba ni watu wa kundi moja. Kwa mwenendo wanaachana mno. Wa kwanza huweza kuishi hivyo miaka mingi huku akienda kazini. Wa pili mara nyingi husambaratika upesi.

Sababu kubwa, nadhani, ni kasi. Mlaji wa miraa hukusanya fundo shavuni, akameza utomvu kidogo kidogo, na kathinoni hupenya polepole kupitia ngozi laini ya kinywa na tumbo. Kilele chake katika damu huja baada ya kama saa mbili, na taya huchoka kabla ubongo haujafurika. Moshi na sindano hufika katika sekunde. Ubongo hujifunza kwa kuunganisha tendo na malipo yake, hivyo malipo yanayokuja papo hapo, kwa kishindo, huacha alama nzito kuliko yanayonyemelea. Ushahidi mzuri unatoka Marekani, ambako Nora Volkow na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliopewa methilifenidati, dawa ya watoto wenye shida ya kutulia, ambayo huzuia dopamini isirudi ndani ya seli, sawasawa na kokeini. Waliodungwa mshipani walihisi stimu. Walioimeza, ingawa dawa ilishika sehemu kubwa ya protini zilezile za ubongo, kwa kawaida hawakuhisi stimu hiyo. Heroini nayo inasema hivyohivyo: ni mofini iliyovishwa vipande viwili vya kemikali vinavyoirahisishia kuvuka kuingia ubongoni, na ikishavuka huvuliwa, ikarudi kuwa mofini. Unga huu unaomaliza vijana wa mwambao umeizidi dawa ya hospitali hasa kwa wepesi wa safari.

Mtu atauliza: je, aina ya kilevi haina maana? Inayo, tena sana. Pombe na vidonge vya usingizi huongeza nguvu ya breki za ubongo, na kwa kuwa sehemu za kujizuia huanza kulegea mapema, mlevi hupayuka kabla ya kulala. Unga hukaa kwenye vipokezi vilivyojaa hata katika shina la ubongo, panapoongozwa pumzi, na ndiyo maana aliyezidisha hufa kwa kusahau kupumua. Vipokezi vya bangi ni vichache mno sehemu hiyo, hivyo bangi huvuruga kumbukumbu na hisia ya muda bila kukata pumzi. Kahawa huziba tu masikio ya seli zisisikie adenosini, tarishi wa uchovu. Aina hutuambia mtu ataumia wapi. Kasi hutuambia atarudia kwa pupa kiasi gani.

Pingamizi zito zaidi linatoka Pwani ya Kenya. Mwaka 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, binamu wa miraa anayelimwa Embu, akisema unawaharibu vijana; mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Kama jani ni la polepole, kilio hiki kinatoka wapi? Kwanza, upole wa jani hufutwa na wingi wa saa: anayetafuna tangu alasiri hadi alfajiri hujijazia kwa muda alichonyimwa na kinywa, na kukesha kwenyewe huvuruga akili. Walaji wa kupindukia huweza kuingiwa na wasiwasi mkali au kusikia sauti, na mwenye moyo mbovu anacheza na hatari. Pili, muguka ni majani matupu, laini, ya bei ya chini. Hakuna kijiti cha kumenya, kwa hiyo kinywa hujaa haraka. Hata hapo kasi imo.

Sheria hazilioni hili. Mkataba wa kimataifa wa 1971 unaiweka kathinoni katika jedwali kali kabisa, ila mmea wenyewe haumo. Uingereza ililipiga marufuku jani mwaka 2014, ingawa baraza lake la ushauri lilikuwa limependekeza lisifungiwe. Kenya inalima, Tanzania inang'oa mashamba ya Same. Wote wanauliza kama kitu kiruhusiwe au kikatazwe. Ni hospitali zilizouliza swali la kasi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kuwapa waraibu wa unga methadoni, ambayo hukamata vipokezi vilevile vya heroini, lakini hupanda taratibu na kudumu zaidi ya siku, ikizuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, bila kuleta kishindo. Hutolewa ya kunywa, na mgonjwa huimeza mbele ya mhudumu, maana ikitoka nje ya kliniki inaweza kuishia kwenye sindano.