Oili Imeingia Maji: Usikimbilie Gasketi

"Fundi, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ya hedi bei gani?" Swali ni lilelile kila wiki, na muulizaji kwa kawaida ameshapiga simu dukani. Hataki kujua maji yanapita wapi. Anataka bei ya jibu alilokwisha kujipa.

Gasketi ya hedi inasingiziwa kwa sababu ndiyo sehemu ya ndani ya injini ambayo kila dereva anaijua jina. Ikiungua kwenye pete inayozunguka silinda, presha ya moto huizidi mbali sana ile ya maji, hivyo gesi ndiyo inayokimbilia kwenye maji. Rejeta hutoa mapovu injini ikiwa bado baridi, mipira hukakamaa, maji hurushwa nje, na oili inaweza kubaki safi kabisa. Ili gasketi hiyohiyo itie maji kwenye oili, lazima iliwe mahali ambapo njia ya maji inapakana na njia ya oili. Hutokea, sikatai. Lakini wewe ambaye rejeta yako haitoi povu na gari halichemshi, unafungua hedi kwa ushahidi gani?

Anza na kipozeo cha oili. Land Cruiser ya injini ya 1HZ inacho ubavuni mwa bloku, maji upande huu, oili upande ule. Injini ikiunguruma, presha ya oili ni bar tatu au nne, wakati mfuniko wa rejeta unaruhusu maji kama bar moja tu. Kipozeo kikitoboka, oili huingia kwenye maji. Ukizima injini, presha ya oili huanguka hadi sifuri, ilhali maji ya moto bado yana nguvu yake. Sasa ni zamu yake kupenya tundu lilelile. Mwenye oili kwenye rejeta na maji kwenye sampu kwa pamoja aangalie hapo kabla hajagusa boltu hata moja ya hedi.

Kisha laina. Za Scania 113 zinaguswa na maji moja kwa moja, na kinachozuia maji yasishuke kwenye sampu ni oringi za mpira zilizo chini ya laina. Mpira huzeeka. Matrekta ya Ford 5000 na 6600 hata laina hayana: silinda imechongwa kwenye bloku lenyewe, na kuta zake zinajulikana kwa kutoboka. Pistoni inapoupiga ukuta, ukuta hutetemeka. Upande wa maji huzuka vipovu vidogo vinavyopasuka na kudonoa chuma, siku baada ya siku, mpaka kitoboke. Kulanti yenye kinga huzuia hilo. Maji matupu ya kisima hayazuii. Mwenye trekta la aina hiyo anaweza kununua gasketi tatu mfululizo, na oili bado ikawa nyeupe.

Wapo pia wasioumwa chochote. Utando mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili, kwenye gari la safari fupi kule Njombe au Makete mwezi wa saba, hasa lile ambalo fundi aliling'oa thamostati "ili lisichemshe", mara nyingi ni unyevu tu. Injini haipati joto la kuufukuza. Chomoa stiki: oili ikiwa safi na maji hayapungui, rudisha thamostati, endesha safari ndefu.

Yai, bizari na zile dawa za kuziba? Huziba vijia vya rejeta kabla ya kulifikia tundu lako. Tuendelee.

Acha injini ilale usiku kucha, asubuhi legeza kidogo boltu ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Yakiwa yameshachanganyika, dondosha oili kwenye bati la moto. Yenye maji huchachatika. Ukiyathibitisha, mwaga oili, shusha sampu, pampu rejeta kwa presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, tandika kartoni safi chini, nenda kalale. Tone chini ya laina ni oringi au laina yenyewe. Likichuruzika kwenye beringi za krenki, limepita njia ya oili. Rudi kwenye kipozeo. Likishuka kwa matundu yanayorudisha oili kutoka juu, haya, sasa taja hedi na gasketi yake. Pasipotoka kitu, jaza maji ya moto urudie, maana baadhi ya nyufa hufunguka kwa joto.

Tiba ni fupi. Kipozeo kibadilishwe, kisichomelewe. Oringi zibadilishwe za laina zote, na kila laina ipimwe inavyochomoza juu ya bloku. Hedi ipimwe ufa kwa presha kabla ya kukwanguliwa, boltu zikazwe kwa toki na kwa mpangilio wa kitabu. Bloku la Ford lililotoboka livishwe laina, au utafute jingine. Na usiwashe injini "kulisogeza tu gereji": beringi haziwezi oili yenye maji, zikague sampu ikiwa chini. Oili ya kwanza baada ya matengenezo ni ya kuoshea; imwage mapema pamoja na filta yake.