Mtoto ameumizwa shuleni: unamshtaki nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba sheria za Tanzania Bara hazijapiga marufuku viboko shuleni, ila zimeviwekea mipaka. Kwa msomaji aliyelikosa toleo lile, mipaka yenyewe ni hii: viboko havizidi vinne; anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi na mwalimu mkuu; mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale shule isipokuwa naye; fimbo iwe nyepesi, na ipige mkononi au kwenye makalio yenye nguo. Kila adhabu iandikwe kitabuni. Juu ya hayo ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kifungu chake cha 13 kinakataza adhabu ya kikatili au isiyolingana na umri na hali ya mtoto.

Sasa tuje kwa mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na mgongo umevimba, au mkono hauinuki. Wengi wanaoniuliza huanza na swali la fidia: nitalipwa kiasi gani? Swali hilo lina siku yake. La kwanza ni ushahidi, kwa sababu jeraha la mtoto hupona haraka, na likishapona kinachobaki ni neno la mtoto dhidi ya neno la mwalimu.

Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo ukachukue PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, kisha mpeleke mtoto hospitali. (Kama hali yake ni mbaya, mpeleke hospitali kwanza, fomu itafuata.) Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko mtoto huhojiwa kwa utulivu kuliko pale kaunta. Ukiwa mbele ya daktari, usione haya kumwomba aandike kwa kina. PF3 iliyoandikwa “maumivu mgongoni” na kugongwa muhuri haina nguvu mahakamani. Iliyoandikwa kwamba kuna michirizi sita, urefu wake, mahali ilipo, ngozi imechanika wapi, na kwamba inaelekea kutokana na kitu butu, hiyo inazungumza yenyewe. Michirizi sita mgongoni tayari inavunja kanuni mara mbili: idadi imezidi, na mgongo si mahali panaporuhusiwa. Piga picha mwangani, tunza risiti za dawa na za nauli, maana hasara unayoidai kwa kiasi maalumu mahakama hukutaka uithibitishe shilingi kwa shilingi.

Halafu andika barua kwa mwalimu mkuu, uombe kuona kumbukumbu ya adhabu ile katika kitabu cha adhabu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kitabu hakina chochote, ukimya wake ni ushahidi. Kama kina maelezo yanayopingana na PF3, ushahidi huo ni mzito zaidi.

Baada ya hapo njia ziko tatu, na nasisitiza kwamba hazifungani. Ya kwanza ni jinai, ambayo mlalamikaji wake ni Jamhuri na wewe ni shahidi. Ya pili ni nidhamu: mwalimu wa serikali hujibu mbele ya mamlaka zake za nidhamu, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Walimu. Ya tatu ni madai ya fidia, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Wanakwama kwa sababu wanaishtaki “shule”. Shule ya msingi ya serikali haina nafsi ya kisheria. Huwezi kuishtaki, kama usivyoweza kulishtaki darasa. Anayewajibika pamoja na mwalimu ni mwajiri, kwa kuwa mwajiri hubeba makosa ambayo mtumishi wake ameyatenda akiwa kazini. Kwa hiyo unaishtaki halmashauri, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 ni lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Kabla ya kufungua shauri unatoa notisi ya siku 90, na shauri lenyewe linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukikosea lolote kati ya hayo, wakili wa Serikali ataweka pingamizi la awali na shauri litaondolewa kabla hakimu au jaji hajasikia hata jina la mtoto. Naliona hili kuwa dhuluma. Mkulima wa kijijini hastahili kubebeshwa safari ya Mahakama Kuu kwa ajili ya mkono wa mwanawe uliovunjwa darasani, na Bunge lingefaa kulitazama upya.

Shule binafsi ni nyepesi kidogo. Tafuta mmiliki aliyesajiliwa: kampuni, au wadhamini wa taasisi ya dini. Jina lililo kwenye geti mara nyingi silo lililo kwenye usajili.

Mtoto hafungui shauri mwenyewe. Hufungua kupitia mtu mzima anayesimama kwa niaba yake, kwa kawaida mzazi. Muda wa kudai fidia ya madhara ya aina hii ni miaka mitatu. Sheria humlinda mtoto ili muda usimkimbie kabla hajawa mtu mzima, lakini mashahidi huhama na walimu huhamishwa, hivyo kinga hiyo isikulaze.

Na yale mazungumzo ya kuyamaliza nyumbani? Sina ugomvi na suluhu. Mwalimu akija na wazee, akakiri, akalipia matibabu, wapo wazazi waliotosheka na hayo. Ila msikae kikao kabla PF3 haijajazwa, na mkikubaliana, yaandikwe na yasainiwe mbele ya mashahidi. Ujue pia kwamba kosa la jinai si lako kulifuta.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hupokea watu wa namna hii. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ianze kukuona mapema.

Wiki ijayo tutaeleza jinsi mahakama inavyokadiria fidia. Kwa mzazi ambaye mwanawe ameumizwa juma hili, usingoje makala hiyo: PF3 ichukuliwe leo.