Nyama Bila Mhuri: Je, Tunajua Tunachonunua?



Katika parokia zetu hakipiti kipindi kirefu bila sherehe: Kipaimara, ndoa, jubilei, somo wa jumuiya. Katika kila kamati ya sherehe kuna mtu aliyepewa kazi ya kutafuta nyama. Leo tungependa kuzungumza naye kwanza, halafu na sisi sote tunaokula.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea wodini, katika usiku mmoja, wagonjwa kutoka nyumba tatu za jumuiya moja. Wote walikuwa wanatapika na kuharisha, na wote walikuwa wamekula katika sherehe moja. Tulihangaika na dripu mpaka alfajiri. Wengi walipata nafuu, lakini mzee mmoja hatukuweza kumwokoa. Tulipoulizia, tuliambiwa kwamba ng'ombe aliumwa siku mbili, akawahiwa kuchinjwa usiku nyuma ya nyumba kabla hajafa. Nyama yake iliuzwa kwa bei nafuu katika bucha lililojulikana na watu wote. Hakuna mkaguzi aliyeiona.

Kilichotuuma zaidi sisi wauguzi ni kwamba wengi wetu tulikuwa wateja wa bucha hilo hilo. Jioni tukitoka kazini tulipita pale na sare zetu, tukanunua nusu kilo, wala hatukuwahi kuuliza mhuri uko wapi.

MHURI UNA MAANA GANI?

Mnyama anayechinjwa machinjioni hukaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza akiwa hai: je, anasimama vizuri, anapumua vizuri, ana homa? Mara ya pili baada ya kuchinjwa. Mkaguzi hukata na kuangalia mapafu, ini, moyo, ulimi, misuli ya taya na matezi, akitafuta dalili za kifua kikuu, minyoo ya ini, vifuko vya tegu na maradhi mengine. Sehemu mbovu hutupwa. Ikiwa ugonjwa umeenea, mnyama mzima huteketezwa. Nyama iliyofaa ndiyo hupigwa mhuri kwa wino usiodhuru.

Wengine husema, "Mimi nyama mbovu naijua kwa macho." Ndugu msomaji, tusijidanganye. Nyama inapoletwa kwako ikiwa imeshakatwa vipande, mapafu na matezi ambayo yangeonyesha ugonjwa hayapo tena. Mkaguzi aliviona vitu ambavyo wewe hutaviona kamwe. Mhuri ndio ushahidi wake.

MAGONJWA YANAYOTUJIA

Kimeta. Ugonjwa huu huua mifugo ghafla, na mara nyingi damu isiyoganda humtoka mnyama puani au sehemu ya haja. Mtu huupata kwa kugusa, kuchuna au kula nyama ya mnyama huyo. Dalili inayoonekana mara nyingi ni kidonda chenye gamba jeusi kisicho na maumivu makali. Vijidudu vyake hujenga ganda gumu linaloweza kustahimili moto wa kawaida wa jikoni, na huweza kukaa ardhini kwa miaka mingi. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Aitwe daktari wa mifugo.

Tegu wa nguruwe. Hapa wapenzi wa kitimoto wasikilize vizuri. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, huota tegu tumboni. Kisha mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake, na kwa mikono michafu au mboga na maji yaliyochafuliwa humwingia mtu mwingine, hata yule ambaye hajawahi kuonja nguruwe. Mayai hayo yanaweza kujenga vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Hapa kwetu Tanzania watafiti wamemkuta tegu huyu Mbulu, Mbozi na kwingineko wanakofuga nguruwe. Ni watoto wangapi wamesemwa kuwa wamerogwa, kumbe chanzo ni nguruwe aliyechinjwa uani bila kukaguliwa na choo ambacho hakikujengwa?

Magonjwa ya kuharisha. Hata nyama iliyopigwa mhuri huharibika bila usafi. Nzi, maji machafu na mikono ya muuzaji aliyetoka chooni bila kunawa huleta homa ya matumbo, kipindupindu na vijidudu vingine. Katika joto, vijidudu huongezeka haraka sana.

BUCHA LINALOFAA

Ukiingia buchani, angalia haya:

1. Leseni ya biashara iko ukutani na haijapitwa na wakati.
2. Muuzaji amevaa koti safi na kofia, na ana cheti kinachoonyesha kuwa amepimwa afya.
3. Nyama ina mhuri na imetundikwa ndani, nyuma ya wavu au kioo, siyo nje kwenye vumbi la barabara.
4. Sakafu na kuta zinaoshwa kwa urahisi, na kuna maji na sabuni ya kunawa.
5. Nyama inakatwa kwa msumeno au juu ya meza inayosafishika. Gogo la mti lenye nyufa hubaki na damu ya jana na juzi.
6. Anayepokea fedha siye anayeshika nyama. Kama yuko peke yake, ananawa kila mara.
7. Utumbo na nyama havichanganywi pamoja.

MBONA SHERIA HAZIFUATWI?

Sheria hatukukosa. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 iliweka utaratibu wa kuwasajili wanaofanya biashara hii. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 iliwapa maofisa afya nguvu ya kukagua. Kazi ya kusimamia usalama wa chakula, iliyokuwa chini ya TFDA, ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Lakini karatasi haifukuzi nzi.

Bwana afya ni mmoja, mabucha ni mengi. Akionekana kwa mbali, koti jeupe linavaliwa. Akiondoka, linarudishwa msumarini. Wapo pia wakaguzi wachache wanaopokea "chai" na kufumba macho. Hao wanauza uhai wa watu.

Hata hivyo, sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Mwenye bucha mwaminifu hugharamia usafiri wa mnyama hadi machinjioni, ushuru, maji na leseni. Jirani yake anayechinja vichochoroni hagharamii chochote kati ya hivyo, basi anauza kwa bei ya chini. Sisi tukikimbilia kwake, tunamwadhibu mwaminifu na kumtuza mdanganyifu. Na siku bwana afya anapolifunga bucha chafu, nani huenda kumwombea mwenye bucha? Ni sisi hao hao: "Msameheni, ni mwenzetu, ana watoto." Huruma ni jambo jema, lakini aliyekula nyama ile naye ana watoto.

TUFANYE NINI?

Wanakamati wa sherehe, nunueni nyama yenye mhuri na mdai risiti. Mkichangiwa mnyama wa kuchinja nyumbani, mwarifuni mkaguzi mapema ili afike kabla ya kuchinja, asije kukuta tayari sufuria ziko motoni.

Akina mama na akina baba, ulizeni kwa upole: "Ndugu yangu, naomba nione mhuri." Si lazima kugombana. Asipouonyesha, nenda kwingine. Wateja kumi wakiuliza katika siku moja, kesho yake mhuri utaonekana. Ukijua mahali panapouzwa kibudu, mwarifu ofisa afya wa kata, daktari wa mifugo au mtendaji wa kijiji au mtaa.

Wenye mabucha, wengi wenu ni waumini wenzetu. Amri ya tano inatukataza kuua, na ya saba inatukataza kuiba. Anayeuza kibudu kwa kujua anazivunja zote mbili kwa mzani mmoja.

Nyumbani, tusiuachie mhuri kazi yote, maana mkaguzi naye anaweza kupitiwa na vifuko vichache. Nyama ipikwe mpaka ndani kusiwe na wekundu na mchuzi wake uwe mweupe. Kitimoto cha kukaanga harakaharaka huiva nje tu. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi visikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Asiye na jokofu anunue asubuhi na kupika siku hiyo hiyo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Tujenge vyoo, tuvitumie, na nguruwe wafungiwe bandani.

Siku hizi, tukitoka kazini, sisi wauguzi tunauliza mhuri. Mwanzoni tulichekwa na kuitwa mabwana afya wa kike. Sasa muuzaji akituona tu, anaugeuza mguu wa ng'ombe upande wenye wino kabla hatujafungua mdomo.

Tukutane tena mwezi ujao. Mungu azibariki familia zenu na chakula cha mezani penu.