Kwa nini dawa za malaria huacha kufanya kazi, na hilo linawahusu vipi wakaazi wa Nyeri

Wakaazi wa Nyeri waliofanya kazi Mombasa au Kisumu katika miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka klorokwini kwa mambo mawili: uchungu wake mdomoni na mwasho uliofuata mwilini. Hata hivyo ilikuwa dawa ya bei nafuu na iliponya. Usugu dhidi yake ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1998 Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza. Nafasi yake ilichukuliwa na dawa ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Hiyo nayo haikudumu. Mwaka wa 2004 serikali iliamua kuhamia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, inayoitwa AL kwa ufupi, ambayo ilianza kusambazwa katika vituo vya afya mwaka wa 2006.

Watu husema kwamba mwili wa mgonjwa "umezoea dawa". Si hivyo. Anayebadilika ni kimelea, na anaweza kuhamia kwa mtu ambaye hajawahi kumeza tembe hata moja.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vimelea mabilioni katika damu. Kila vinapozaana, makosa madogo hutokea katika kunakili jeni. Mengi ya makosa hayo hayana maana au hudhuru kimelea chenyewe, lakini mara chache sana moja humsaidia kuhimili dawa. Dawa ikiingia, vimelea vya kawaida hufa na yule mmoja hubaki peke yake, akiwa na nafasi ya kuzaana bila mpinzani. Mbu akimuuma mgonjwa huyo, hubeba uzao sugu na kuupeleka nyumba nyingine.

Wakulima wa kahawa wa eneo hili walishaona jambo kama hilo mashambani. Katika miaka ya 1970, kuvu inayoleta ugonjwa wa CBD, unaooza matunda ya kahawa, ilipata usugu dhidi ya aina ya dawa iliyokuwa ikinyunyizwa mara kwa mara. Hakuna aliyeifundisha kuvu hiyo. Dawa iliua iliyokuwa dhaifu na kuiachia shamba iliyokuwa sugu.

Kwa klorokwini, mbinu ya kimelea inajulikana vizuri. Kimelea hula hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na chakula hicho humwachia taka yenye sumu. Kwa kawaida huifunga taka hiyo isimdhuru. Klorokwini ilimzuia kufanya hivyo, naye akafa kwa sumu yake mwenyewe. Kimelea sugu ana badiliko katika mlango mmoja wa kifuko chake cha kusagia chakula, na kupitia mlango huo huitoa dawa nje kabla haijafanya kazi.

AL iliundwa kwa kuzingatia somo hilo. Sehemu yake ya kwanza inatokana na artemisinini, kemikali ya mmea wa jamii ya pakanga iliyogunduliwa na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Huua kwa kasi kubwa: katika kila mzunguko wa saa 48 wa maisha ya kimelea, hupunguza idadi kwa takriban mara elfu kumi. Mgonjwa aliyeanza na vimelea bilioni 100 hubaki na kama milioni 10 baada ya mzunguko mmoja, na kama 1,000 baada ya miwili. Lakini artemisinini huisha mwilini kwa saa chache. Mabaki hayo ni kazi ya lumefantrini, ambayo hukaa kwa siku kadhaa.

Hesabu hiyo ndiyo sababu ya dozi sita katika siku tatu. Mtu hupata nafuu siku ya pili na kuziweka tembe zilizobaki kabatini "za siku nyingine", na huku bado ana mamilioni ya vimelea. Chai ya pakanga ina tatizo hilohilo, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake ni kidogo na hakipimiki. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi yake kutibu malaria.

Mtu wa Othaya au Karatina anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na baridi huchelewesha kimelea kukomaa ndani ya mbu. Malaria ni chache hapa. Hata hivyo Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, ni safari fupi ya matatu, na kila Desemba familia nyingi huenda Pwani au Ziwa Victoria na kurudi. Mtu aliyekulia mlimani hana kinga iliyojengwa kwa kuumwa mara nyingi, kwa hiyo malaria humzidia haraka. Hana pia kinga ya kusaidia dawa kumaliza vimelea vinavyobaki. Dawa ikishindwa, yeye ndiye atakayeumia kwanza.

Tishio hilo limekaribia. Mwaka wa 2020 watafiti walitangaza kwamba vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimepatikana Rwanda, na mwaka wa 2021 kaskazini mwa Uganda. Usugu wa kiasi maana yake ni kwamba vimelea huchukua muda mrefu zaidi kwisha. Wagonjwa wengi bado hupona mradi dawa mwenza inafanya kazi. Mabadiliko hayo yalizuka hapa Afrika, tofauti na usugu wa klorokwini uliotoka Asia.

Malawi inaonyesha upande mwingine. Iliacha klorokwini mwaka wa 1993, na miaka kadhaa baadaye vimelea sugu vilikuwa karibu kutoweka, kwa kuwa bila dawa usugu ule ulikuwa mzigo tu kwa kimelea.

Mwenye homa aombe kupimwa damu kabla ya kununua dawa, kwani homa nyingi huku mlimani si malaria. Amwambie mhudumu alikosafiri katika wiki za karibuni, hata asipoulizwa; dalili huweza kuanza wiki mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Akipewa AL, dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu lumefantrini huingia mwilini vizuri palipo na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Homa ikiendelea baada ya siku tatu, arudi kituoni kupimwa upya badala ya kununua pakiti nyingine.