Mng'ao mweupe kwenye jicho la mtoto: usiifute hiyo picha

Umempiga mwanao picha ya simu jioni pale Msimbati, flashi ikawaka. Jicho moja limetoka jekundu, jingine linang'aa jeupe kama la paka. Yaweza kuwa mtoto wa jicho. Yaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani inayowapata zaidi watoto chini ya miaka 5.

Kwa nini jeupe? Kwa kawaida mwanga hugonga nyuma ya jicho, penye mishipa mingi ya damu, ukarudi mwekundu. Uvimbe ukiota pale, mwanga unarudi mweupe. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya RB1, siyo kurogwa.

Sasa, inatibika? Ndiyo, tena vizuri, mradi uwahi. Uvimbe mdogo hutibiwa kwa leza, kugandishwa au dawa za kemo, na jicho linaweza kubaki. Ukiwa mkubwa, jicho hutolewa ili mtoto aishi, kisha anawekewa la bandia. Hapo wazazi wengi husita. Saratani yenyewe haisiti: hupitia neva ya jicho hadi kwenye ubongo.

Utafiti wa 2020 uliohusisha watoto 4,351 kutoka nchi 153 ulionyesha kwamba nchi tajiri huwagundua wakiwa na miezi 14 hivi. Nchi maskini? Miezi 30, na karibu nusu yao saratani imeshatoka nje ya jicho. Ugonjwa uleule, tofauti ni muda.

Kutoka Mtwara hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500. Basi anza safari mapema: kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali ya Ligula, na picha uibebe.