Mkaguzi wa Goma aliyekataa matabishi

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, haijawahi kukosa sababu ya kuomba. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika mjini kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na kipindupindu kikaja nyuma yao. Januari 17, 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mei 22, 2021 mlima ukapasuka tena. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na watu wakabaki kuulizana nani wa kumtii, nani wa kumlipa kodi, na kama wabaki au wavuke mpaka.

Katika hali kama hiyo wauzaji wa dira hawakosekani. Vyumba vya maombi hujaa, na kila nabii ana ndoto yake kuhusu siku vita vitakapokwisha. Wapo wachungaji wanaolala njaa pamoja na waumini wao, na hao wanastahili heshima. Wapo pia, tuseme ukweli, wanaojua kwamba mtu aliyechanganyikiwa hafungi mfuko wake vizuri.

Lakini Mkristo wa Goma ambaye jina lake limefika mbali kuliko la nabii yeyote wa mji huo hakuwa mhubiri. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa.

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma Juni 13, 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, na mwaka 2007 akawa anafanya kazi hiyo katika mji wake mwenyewe. Ni kazi isiyo na utukufu. Lori linasimama, turubai linafunuliwa, gunia linatobolewa, punje zinamwagwa kiganjani. Zina rangi gani? Zinanuka? Tarehe ya kwenye mfuko inasemaje? Baada ya hapo kinachobaki ni karatasi na muhuri. Anayeijua Petite Barrière na Grande Barrière, pale Goma inapopakana na Gisenyi ya Rwanda, anajua kwamba muhuri huo una bei. Watu wanaiita matabishi, na wala hawashushi sauti wanapoyataja.

Shehena ya mchele ulioharibika ikafika mbele yake. Wenye mali wakataka ipite. Fedha zikatajwa, akakataa. Zikaongezwa hadi kufikia maelfu ya dola, akakataa tena. Shinikizo lilitoka hata kwa watu wenye madaraka. Kwa kijana wa miaka 26, katika nchi ambayo mtumishi wa umma anaweza kumaliza miezi bila kuona mshahara, hilo halikuwa jaribu la mchezo. Fedha zile zingetosha kuanzia maisha, na hakuna ambaye angeshangaa kama angezipokea.

Namna alivyopata mwongozo ndiyo sehemu ya habari hii inayopaswa kusomwa polepole. Hakuna anayesimulia kwamba aliona maono, wala kwamba sauti ilimwita usiku. Alizungumza na mtawa aliyekuwa rafiki yake. Hesabu aliyoifanya mbele ya mtawa huyo, kwa jinsi ilivyosimuliwa baadaye, ilikuwa fupi: fedha hizi zitaisha upesi, lakini watakaokula chakula hiki watapatwa na nini? Akajiuliza pia kama anaishi ndani ya Kristo au la, na akaona kwamba akijibu ndiyo, basi hawezi kupokea. Swali la imani na swali la afya ya walaji yalikuwa kwake swali moja, na yote mawili yalihusu gunia lililo mbele ya macho yake.

Jumamosi, Julai 7, 2007, alitekwa. Maiti yake iliokotwa Julai 9, ikiwa na alama za mateso. Kanisa linaiweka siku ya kifo chake kuwa Julai 8.

Ujasiri kama huo hauji kwa siku moja. Floribert alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ndiyo jumuiya iliyosaidia kupatanisha pande mbili za vita vya Msumbiji mwaka 1992. Huko Goma wanachama wake walikuwa vijana wa kawaida waliokutana kusali, kusoma Injili na kuwatembelea maskini. Floribert aliwashughulikia maibobo, watoto wanaolala barabarani, wale ambao wapita njia huwafukuza kabla hawajafungua kinywa. Aliwakalisha mezani watoto hao, akahangaika kuwarudisha shuleni. Mtu aliyezoea kumtazama mtoto wa namna hiyo usoni haoni shida kutambua nani atakula mchele wa bei rahisi uliooza. Matajiri hawaununui.

Papa Francisko aliitaja habari hii Februari 2, 2023, alipokutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa. Safari yake ilikuwa ifike Goma pia, lakini usalama ulikuwa mbaya na kituo hicho kikafutwa. Aliwahimiza vijana wakatae rushwa, nao wakaitikia kwa kelele, kisha wakageuza kelele hizo kuwa nyimbo za kumkumbusha rais kwamba muhula wake unaisha. Kwao ufisadi una anwani, na walitumia nafasi ile kuitaja.

Amri ya kumtambua Floribert kuwa mfiadini ilitoka Novemba 25, 2024. Miezi miwili baadaye mji wake ukatekwa. Ibada ya kumtangaza mwenyeheri ikafanyika Roma, Juni 15, 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Ukuta, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro. Siku ya pili Papa Leo wa 14 aliwapokea mahujaji na kuuliza kijana huyu alipata wapi nguvu ya kupinga rushwa. Jibu lake: uamuzi wake uliivia katika dhamiri iliyolelewa na sala, na kusikiliza Neno la Mungu, na umoja na ndugu. Mambo matatu ya kila wiki, yanayopatikana katika kila shirika la mtaani, bila tiketi ya ndege.

Makanisa yenyewe yamejaribu kuifuata njia ya Floribert ya kuongea na kuulizana. Februari 12, 2025, wiki mbili hivi baada ya mji kutekwa, wajumbe wa maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wa Waprotestanti wa ECC walifika Goma kuzungumza na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano ambao M23 imo ndani yake. Walilaumiwa kwa kuketi na waasi. Lakini walikuwa wamekwisha kuzungumza na serikali, na mchungaji anayesikiliza upande mmoja tu huwa amechagua kundi.

Wapo wanaosema kwamba mwenyeheri hashibishi mtu. Mama mwenye watoto sita, aliyetimuliwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani mwanzoni mwa 2025, ana swali lililo zito kuliko la muhuri. Ni kweli, na hakuna mahubiri yanayolifuta. Lakini mama huyo huyo ndiye anayenunua mchele wa bei ya chini sokoni, na kwa miaka yote ya vita amekuwa akila kile ambacho mkaguzi fulani alikipitisha. Kwa hiyo habari ya Floribert inamhusu yeye kabla ya kumhusu kardinali yeyote.

Picha yake sasa imo makanisani, na sikukuu yake ni Julai 8. Haifai iishie kwenye picha. Maparokia ya Goma, na makanisa ya Kiprotestanti ya CBCA na CEPAC vilevile, yana waumini wanaofanya kazi forodhani, kwenye maghala, mahakamani, katika ofisi za ardhi. Wachungaji na wawaite watu hao peke yao, walau mara moja kila Julai, wafunge milango, wasiwahubirie. Wawaulize wiki hii wameombwa kutia saini nini.