Q isiyo na U

Ukivuta Q katika Scrabble ya Kiingereza, macho hukimbilia kutafuta U. Tatizo ni kwamba mfuko mzima wa vipande 100 una U nne tu, na pengine zote zimeshalala ubaoni. Q ina pointi 10, lakini mwenzako akimaliza ukiwa bado unayo, unakatwa 10 na yeye anaongezewa 10. Pengo la pointi 20 kwa herufi moja!

Dawa ya kwanza ni QI, nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina. Tuseme I iko ubaoni, na juu yake kuna mraba mtupu unaozidisha herufi mara tatu. Weka Q hapo, na I nyingine kuliani mwake kwenye mraba wa kawaida. Umeandika QI kwenda chini na QI kwenda kulia, Q imehesabiwa 30 mara mbili, na jumla ni 62 kwa vipande viwili. Sijui neno jingine fupi lenye ukarimu huo.

Baada ya hapo, msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Kiingereza kiliokota maneno mengi ya Q kutoka Kiarabu, na mambo yenyewe tunaishi nayo: QADI ni kadhi, TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri, WAQF ni wakfu, QAT ni mirungi, au miraa kwa Wakenya. Kazi iliyobaki ni tahajia. QANAT ndiyo ngeni kidogo: ni mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kuleta maji kutoka milimani, hasa Iran.

Maana, kusema kweli, haina pointi. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno. Lakini kwa sisi wenye kumbukumbu ya kawaida, neno lenye maana halisahauliki upesi.

Kubalianeni kamusi kabla ya kuchanganya vipande. Mashindano mengi ya Kiingereza nje ya Marekani Kaskazini hufuata orodha ya Collins, na orodha ya Marekani Kaskazini ni fupi zaidi. Hata QI waliipokea mwaka 2006 tu, pamoja na ZA, kifupi cha mtaani cha piza.